Kuku Waliotelekezwa: Maswali Yenu Kuhusu Kuwapokea na Kuwauguza

Tangu baridi ianze, maswali mengi niliyopokea hayahusu vifaranga wala bei ya mayai, bali kuku wazima ambao wasomaji wamewakuta katika hali mbaya na kuwachukua. Najibu machache hapa, na nimeyafupisha kidogo.

Nimenunua kuku saba wa mayai waliochoka kutoka kwa mfugaji aliyekuwa akifunga banda lake. Mgongoni na shingoni wamebaki uchi, na huku Mafinga baridi ni kali. Nianze na dawa au chakula?

Anza na joto na maji. Mwili wa kuku mzima una joto la takriban nyuzi 41 za Selsiasi, na manyoya ndiyo blanketi lake, kwa hiyo kuku aliye uchi hutumia karibu kila anachokula kujipasha joto, na hapati cha kuotesha manyoya mapya. Tandika maranda makavu yenye kina cha shubiri moja. Anayeishi Mufindi, kwenye viwanda vya mbao kila upande, hana kisingizio cha kuyakosa. Epuka vumbi laini la msumeno, kwani huwaziba pumzi. Zuia upepo usawa wa mwili wa kuku lakini acha upenyo juu karibu na paa, ili unyevu na harufu kali ya kinyesi vitoke. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa ni hatari, kwa maana hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na huua kuku pamoja na aliyeingia kuwaangalia.

Wawili kati yenu mmeuliza pia kuhusu kumvalisha kuku sweta, kama wafanyavyo baadhi ya watu Uingereza. Sishauri. Sweta hulowa, huficha utitiri na huchubua vichipukizi vya manyoya, ambavyo vina damu ndani na huuma vikiguswa. Mpe protini ya kutosha, uhesabu kati ya wiki 8 na 12, na atavaa nguo zake mwenyewe.

Bwana mifugo, shikamoo. Mama yangu mdogo alilazwa hospitali kwa mwezi mzima, na kuku wake wakabaki bila wa kuwaangalia. Nimewaleta kwangu Uyole. Niliwamwagia mahindi, wakala kwa pupa, na asubuhi mmoja nikamkuta amekufa. Nilikosea wapi?

Marahaba, na pole. Ulifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya, lakini mwili uliokaa na njaa muda mrefu haumudu shibe ya ghafla, na punje kavu zikishalowa hufura ndani ya gole, ile pochi ya chakula iliyo chini ya shingo.

Waliobaki wape kwanza maji ya uvuguvugu yenye kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwa kila lita, pamoja na chumvi kidogo tu, ile inayoshikika kwa ncha za vidole viwili. Usiizidishe, kwani chumvi nyingi huua kuku. Maji hayo ni ya siku ya kwanza. Baadaye wape maji ya kawaida. Kisha loweka chakula cha kuku wa mayai mpaka kiwe kama uji mzito, na umpe kila mmoja kijiko kimoja cha chakula kila baada ya saa mbili au tatu mchana kutwa. Ongeza taratibu kuanzia siku ya tatu au ya nne.

Kipimo chako ni vidole. Alfajiri, kabla hajala, papasa gole: likiwa tupu, chakula kinashuka na unaweza kuongeza. Likiwa bado limejaa, gumu kama ngumi au lenye kubonyea huku mdomo ukinuka uchachu, simamisha chakula na umwone mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Kisha pitisha kidole juu ya mfupa wa kidari. Leo unakuchoma kama ukingo wa kisu. Nyama ikianza kujaa pande zake mbili, ujue unashinda. Mpime kwa mizani mara moja kwa wiki na uandike, kwa sababu jicho la mfugaji hupenda kumdanganya.

Baada ya wiki ya kwanza ongeza mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Usipa wa Ziwa Nyasa unaouzwa Kyela unafaa sana, mradi uoshwe mchanga na chumvi. Kuku waliokatwa midomo hawawezi kudonoa punje moja moja sakafuni, hivyo wape chakula katika chombo chenye kina.

Huku Rungwe maparachichi yanaoza chini ya miti. Je, yanafaa kwa kuku waliokonda?

Hapana. Parachichi, hasa majani, ganda na kokwa yake, lina sumu iitwayo pesini, ambayo huudhuru moyo wa ndege. Usiwape pia viazi vilivyogeuka kijani wala maharage yasiyopikwa. Na ile desturi ya kuwaachia kuku mahindi yaliyoota ukungu naiomba ikome: sumukuvu iliyofanya mahindi yasifae kwa ugali huharibu ini la kuku vilevile, tena la huyu limeshachoka.

Wana vidudu vyeusi vilivyogandamana kuzunguka macho, na magamba ya miguu yameinuka.

Hivyo vyeusi ni viroboto, na magamba yameinuliwa na utitiri uliojichimbia chini yake. Usivichomoe viroboto kwa kucha, kwani huacha vidonda karibu na jicho. Paka mafuta ya mgando juu yao kwa ncha ya kidole, bila kuingiza machoni, nao watakosa hewa. Miguu ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikaushe, kisha ipake mafuta hayohayo kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki kadhaa; magamba yatadondoka yenyewe. Mafuta ya taa na dawa ya kuogeshea ng'ombe viache mahali pake. Ondoa matandiko yote ya zamani na uyachome moto, kwa kuwa viroboto huzaliana humo na katika udongo wa banda, kisha wawekee kuku karai la mchanga na majivu wajigaragaze.

Naishi Njombe na nina kuku wa kienyeji kumi na wawili. Naweza kuwachanganya na wageni hawa?

Si sasa. Mimi mwenyewe niliwahi kumhurumia kuku mmoja aliyekuwa akitetemeka, nikamlaza na wenzake usiku wa kwanza. Mdondo ukaingia, na kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nimezika karibu kundi lote. Watenge siku 30 katika banda la mbali, na vyombo vyao visitumiwe kwingine. Wahudumie wenyeji kwanza na wageni mwisho, ukibadilisha viatu. Wenyeji wawe wamechanjwa dhidi ya mdondo mapema. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, ni tone moja la jicho linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wageni wachanje wakishapata nguvu, kwa kuwa chanjo hupewa kuku mwenye afya.

Siku 30 zikipita salama, watenganishe kwa wavu tu wiki moja waonane, kisha wachanganye jioni giza likiingia, na asubuhi chakula kiwe sehemu tatu au nne. Watadonoana kidogo. Damu ikitoka, mwondoe aliyeumia, maana kuku wakiona damu hawaachi.

Jirani anaacha kuku wake bila maji siku nzima. Naweza kuwachukua?

Bila idhini yake huo ni wizi, hata ukiwa na nia njema. Zungumza naye, ikiwezekana ununue. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mifugo wa kata; Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawahusu kuku pia.

Wataanza lini kutaga?

Wengine baada ya miezi miwili au mitatu, wengine hawatataga tena. Ukiwapa dawa ya minyoo au antibaiotiki, usile mayai mpaka muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo uishe.

Makambako hapa nimewafungulia mlango siku ya tano leo, lakini wanasimama kizingitini na kurudi ndani. Je, ni wagonjwa?

Ikiwa wanakula na kinyesi ni cha kawaida, si wagonjwa. Kuku aliyeishi kwenye kizimba cha waya hajawahi kukanyaga udongo, na jua kwake ni kitu kigeni. Niliwahi kumtazama mmoja akinyoosha mguu nje, akagusa nyasi yenye umande, akaurudisha mguu kifuani na kusimama hivyo kwa dakika nzima. Alitoka siku ya tisa. Usiwasukume wala kuwabeba. Jua likishapanda na umande kukauka, weka maji yao hatua mbili nje ya mlango, kisha uondoke.