Bendera za hariri za wachimba makaa

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, niliona picha ya wachimba makaa ya mawe wakiandamana Durham, Uingereza, wamebeba bendera kubwa yenye picha ya rangi, na juu yake kumefungwa kitambaa cheusi. Je, rangi hiyo haibanduki bendera inapokunjwa? Na kitambaa hicho ni cha nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako kuhusu rangi ni ya haki, kwani rangi ya mafuta ikipakwa kwenye hariri tupu hukauka ikawa ngumu, na kitambaa kikikunjwa mara kadhaa huanza kupasuka. Aliyelitafutia dawa tatizo hilo ni George Tutill wa London, ambaye mwaka 1861 alipata hataza ya kuipaka hariri mpira wa maji kwanza, kisha kuchora juu yake, ili picha ijipinde pamoja na kitambaa. Karakana yake ya City Road ilifuma hariri na kuichora pia, ndiyo maana bendera nyingi za vyama vya wafanyakazi vya Uingereza zinafanana mapambo ya pembeni, ingawa kila tawi lilijichagulia picha ya katikati.

Kuibeba nako kunataka ufundi. Watu wawili huchomeka miti yake kwenye vikombe vya ngozi vilivyoshikizwa katika mikanda ya mabegani, na wenzao hushika kamba mbele na nyuma, kwa maana upepo ukivuma ghafla hariri yenye upana wa karibu mita 3 hujaa kama tanga.

Kitambaa cheusi ni tanzia. Migodi ilipokuwa ikifanya kazi, mtu alipofia mgodini, bendera ya tawi lake ilifungwa kitambaa hicho katika maandamano ya mwaka huo; maandamano hayo ya kila mwaka yalianza mwaka 1871 na hufanyika mwezi Julai. Kwangu hilo ndilo jambo zito kuliko uzuri wote wa picha, maana mlipuko wa mgodi wa Easington, hukohuko eneo la Durham, wa mwaka 1951 peke yake uliua watu 83, wakiwemo waokoaji 2.

Mgodi wa mwisho wa eneo hilo, Wearmouth, ulifungwa mwaka 1993, lakini vijiji bado huingia mjini Durham na bendera zao nyuma ya bendi za tarumbeta; na pale hariri ya zamani ilipochanika, wanakijiji huchangishana ili ichorwe nyingine yenye picha ileile.