.223 na 5.56 si kitu kimoja

Mkuu, umeuliza kama risasi za .223 na 5.56 ni kitu kilekile: hapana, hizo mbili haziingiliani pande zote. Bunduki ya AR-15 yenye mtutu ulioandikwa 5.56 inakula 5.56 ya NATO na .223 bila shida; ulioandikwa .223 Rem (Remington) pekee usiupe 5.56, hata ukizipata kwa bei chee. Kwa nje zinafanana, ila nafasi iliyopo kati ya kichwa cha risasi na pale mistari ya mtutu inapoanza ni fupi zaidi kwenye mtutu wa .223, kwa hiyo ukiweka 5.56 humo presha inaweza kupanda kupita kiasi. Shemeji yangu yuko Texas na anayo AR-15. Mimi huku Igoma naishia kuona magobore na shotigani za walinzi wa benki.

Risasi za ganda la chuma ndizo nafuu, lakini wenye AR wengi wanalalamika zinamaliza haraka ile ndoano inayovuta ganda. Wenye bunduki za SKS na AK wala hawajali, ganda la risasi yao ya 7.62x39 limechongoka, linachomoka kirahisi. Ila tangu Marekani ibane vibali vya kuingiza risasi za Urusi mwaka 2021, zile za bei rahisi zimekuwa adimu.