Kitabu Kisicho na Jalada Kilichonikosesha Usingizi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nami naandika hadithi ya upelelezi, ila kila nikianza nakuta inafanana na za wengine. Nifanyeje?"

Umenigusa penye kidonda, ndugu yangu. Mimi nimekua na wapelelezi wa vitabuni, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mswada wangu niliuandika miaka mitatu, bastola zinalia tangu ukurasa wa kwanza. Mchapishaji mmoja akaurudisha na maneno mawili tu: "Haya tumeshayasoma." Mpaka leo yananiuma. Kalamu nikaiweka chini.

Mwezi uliopita napita Ngamiani, hapa Tanga, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, nikaokota kimoja kisicho na jalada. Mgongo umeshikizwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai, na jina la mwenyewe wa zamani limechujuka wino. *Mzimu wa Watu wa Kale*, Muhammed Said Abdulla. Sikuwa namjua. Nikasoma ukurasa mzima nimesimama njiani, wenye baiskeli wananipigia kengele niwapishe. Shilingi 2,000, nikalipa bila kuomba kupunguziwa.

Usiku ule sikulala. Maiti imekutwa mzimuni, kila mtu ana lake la kusema, na mpelelezi, Bwana Msa, katulia na kiko chake, anasikiliza. Hapigani na mtu. Anauliza kiswali ambacho wewe ungekipita, kumbe mambo yote yamejificha humo. Nafunga kitabu, adhana ya alfajiri inaanza. Na kitabu chenyewe kilichapishwa 1960, baada ya kushinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58!

Basi soma usiyemjua. Usingoje kitabu kisifiwe na rafiki zako. Nasema tena, soma usiyemjua, hasa waliotutangulia. Tunataka kuandika kabla hatujasoma, tunalalamika hatuna pa kujifunzia, na sisi wa Tanga ndio nyumbani kwa Shaaban Robert! Wazee wameacha tele, mikono yetu ndiyo hatujainyoosha.

Mswada wangu nimeutoa sandukuni na bastola zote nimezifuta. Sasa unaanza na baiskeli iliyoegemezwa ukutani Raskazone siku tatu, mwenyewe haonekani, na muuza madafu ndiye wa kwanza kuuliza ni ya nani. Jana usiku nimefika ukurasa wa 40.