Siku saba Curaçao zinatosha

Ndugu, umeuliza kama siku saba zinatosha kukitembelea kisiwa cha Curaçao, na kama Septemba si mwezi wa kuogopa vimbunga. Zinatosha, na hofu yenyewe ni ndogo, kwa kuwa kisiwa kiko kusini kabisa, karibu na pwani ya Venezuela, nje ya njia inayopitwa na vimbunga vingi.

Tenga siku mbili nzima kwa Willemstad, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Mitaa yake ya Punda na Otrobanda huunganishwa na daraja la Malkia Emma, lililojengwa mwaka 1888 juu ya maboya, ambalo meli inapokaribia hulia kengele, kisha daraja zima husogea pembeni na wapita njia huvushwa bure kwa kivuko. (Jina Punda halina uhusiano na mnyama wetu, linatokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya ncha.) Usiache kuliona sinagogi la mwaka 1732, ambalo sakafu yake imetandazwa mchanga.

Siku nyingine kodi gari uende Kenepa, upande wa magharibi, kwenye shamba ambako Tula aliongoza uasi wa watumwa mwaka 1795. Ufuo wa Grote Knip uko jirani.

Kuhusu visa, Curaçao ni sehemu ya Ufalme wa Uholanzi, lakini visa ya Karibi hutolewa kando na ya Schengen, yaani ile ya nchi nyingi za Ulaya, hivyo uliza ubalozi wa Uholanzi kabla ya kukata tiketi.