Jibu: Taya la chini limetokeza, kijana ana miaka 16, Mafinga

Kamwene mama. Unasema kijana wako wa miaka 16 hawezi kukata nyama kwa meno ya mbele, shuleni anaficha mdomo, na unauliza kama apasuliwe sasa.

Kwanza angalia kama bado anarefuka. Kwa wavulana taya la chini huweza kukua hadi miaka 18 na kuendelea. Likirekebishwa mapema linaweza kutokeza tena. Anzia idara ya meno, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uombe eksirei ya ubavu wa kichwa, ilinganishwe na nyingine baadaye kuona kama taya limeacha kukua. Rufaa ikihitajika, Muhimbili.

Kabla ya upasuaji atavaa nyaya za meno, mara nyingi mwaka au zaidi. Mwambie mapema: meno yakinyooka, kidevu huonekana kimetokeza zaidi. Hapo ndipo mdogo wangu aliyepitia upasuaji huu, tuko Tukuyu, alipotaka kuacha.

Baada ya upasuaji wiki za kwanza ni ngumu mno. Uso umevimba, hatafuni, ni uji mwepesi, supu iliyochujwa na parachichi lililosagwa na maziwa. Mdomo wa chini hufa ganzi, na kwa wengine ganzi haiishi yote. Muulizeni daktari hilo waziwazi. Miezi ilivyosonga mdogo wangu akaanza kung'ata muhindi wa kuchoma, akacheka bila kujiziba kwa mkono. Nililia.

Ila kijana mwenyewe ndiye atake. Na wanaomcheka, zungumza na mwalimu wa darasa wiki hii hii, usisubiri upasuaji.