Usinunue spea kwa jina la gari

Ukisimama kaunta ukasema unataka pistoni za Land Rover ya zamani, utapewa pistoni. Zitakuwa mpya, zimo kwenye boksi lake, na huenda zisiingie. Gari lenye umri wa miaka 50 limepita mikono ya mafundi wengi, na injini iliyomo si lazima iwe ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo hati za gari ziweke pembeni, utafute namba ya injini. Imegongwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na kwa kawaida imezikwa chini ya grisi na rangi. Isugue kwa brashi na mafuta ya taa mpaka isomeke yote pamoja na herufi zake, maana mara nyingi herufi ndizo zinazotaja aina.

Namba hiyo inakwambia yale ambayo macho hayaoni. MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, za mwanzo za 1962 krenkshafti yake, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ilikalia beringi kuu 3. Mwishoni mwa 1964 zikawa 5. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 nayo ilitoka 3 kwenda 5 mwaka 1980. Jina halikubadilika wala ujazo haukubadilika, lakini krenkshafti ya moja haikai kwenye bloku la nyingine. Volkswagen Beetle ni mtego wa aina yake: 1300 ina silinda za mm 77, 1600 ina za mm 85.5, na mwendo wa pistoni kwenye zote mbili ni mm 69. Wapo waliozifunga 1300 zao silinda kubwa ili zipate nguvu, kisha wakauza gari bila kusema neno. Hapo hata namba ya injini haitakusaidia. Pima.

Kujua aina ya injini bado si kujua saizi. Injini iliyowahi kufunguliwa huenda krenkshafti yake imeshachongwa, na kila ikichongwa inapungua unene, hivyo beringi zake zinatakiwa ziwe nene zaidi. Chukua beringi kuukuu ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti), igeuze mgongo, ifute kwa kitambaa na uilaze mwanga uipige kwa ubavu. Utaona STD, yaani saizi ya kiwandani, au 0.25, 0.50 na kuendelea, ambazo ni sehemu za milimita. Kwa injini za Uingereza na Marekani ni 010, 020, 030, elfu za inchi. Usiishie hapo. Pima shafti yenyewe kwa maikromita, mara mbili mahali pamoja, ya pili ukiwa umezungusha robo duara. Vipimo vikitofautiana, shafti imekuwa yai, na beringi mpya ya saizi ile ile haitaiponya.

Sasa jambo ambalo kwa magari ya kawaida halina uzito sana, lakini kwa haya ndilo linaloponza watu: tafuta spea kabla ya kuchonga. Fundi wa mashine atakwambia shafti inataka kwenda 0.50, na ana haki. Lakini kama beringi za 0.50 hazipatikani tena na zilizopo ni za 0.75, basi shafti inaenda 0.75. Pistoni ni hivyo hivyo: zishike mkononi, zipimwe moja moja, ndipo silinda zichongwe kuzifuata. Chuma kikishaondolewa hakirudi, na kuivika silinda slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani yake, ni kazi na gharama nyingine kabisa.

Kuna spea ambazo hazina haja ya kutafutwa kwa jina la gari hata kidogo, na nashangaa jinsi watu wanavyohangaika nazo. Beringi za gololi za dainamo na alteneta nyingi ni za vipimo vya dunia nzima. Ikiandikwa 6203, ni mm 17 ndani, 40 nje na 12 upana, iwe ya gari au ya mashine ya kufulia. Herufi zinazofuata ndizo za kuangalia: 2RS ina mpira pande zote mbili, ZZ ina bati, na C3 ina nafasi kubwa kidogo ndani kwa ajili ya joto. Sili za oili nazo huandikwa usoni, kwa mfano 35x50x8. Nenda na vipimo hivyo kwa wauza beringi, ukiongeza kwamba sili inakaa kwenye oili ya moto.

Spea asilia iliyokaa stoo miongo kadhaa ina sifa nzuri kwa upande wa chuma tu. Gia, shafti na valvu zilizopakwa oili vizuri, chukua. Sili, hozi na diafram za pampu ya mafuta, acha, hata kama boksi halijafunguliwa. Mpira huzeeka ukiwa umelala, na mpira wa zamani haukutengenezwa kuvumilia petroli yenye ethanoli. Gasketi za enzi hizo nyingi zina asbesto. Usizikwangue zikiwa kavu wala kuzipiga msasa.

Bolti zinataka subira. Ya inchi 5/16 ina mm 7.94, kwa hiyo bolti ya mm 8 itaingia mizunguko miwili mitatu kisha ikaze. Ikikaza mapema, ichomoe uhesabu nyuzi kwa geji ya nyuzi. Ukilazimisha kwenye silinda hedi ya alumini, utang'oa nyuzi zote.

Kwa vitu vya kumiminwa, kama hedi, manifoldi na kava ya cheni, mara nyingi nafuu ni kununua injini nzima iliyokufa ya aina hiyo hiyo. Kabla ya kulipa, omba hedi ifunguliwe, na uangalie ufa mwembamba kati ya viti vya valvu.