Haram ilishatoka Ålesund, ni manispaa yake yenyewe

Umeuliza kama Haram, eneo la pwani ya Norwei, bado ni sehemu ya manispaa ya Ålesund kama ramani yako inavyoonyesha. Hapana, Haram sio sehemu ya Ålesund tena, tangu 1/1/2024 ni manispaa inayojitegemea na ofisi kuu ziko Brattvåg, mkoa wa Møre og Romsdal. Ramani uliyoitumia ni ya kati ya 2020 na 2023, ndo maana inaonyesha ni kitu kimoja. Kipindi hicho Norwei iliunganisha manispaa nyingi, na hapo zilichanganywa tano: Ålesund, Haram, Sandøy, Skodje na Ørskog, sasa watu wa Haram hawakulikubali kabisa, wakakomaa mpaka bunge likaridhia 2022 watengane, na mimi naona walikuwa na haki maana Haram ilikuwa na serikali yake ya mtaa tangu 1838 mpaka walipounganishwa, sheria ya halmashauri ilipoanza kule.

Ila angalia visiwa vya kaskazini usichanganye. Lepsøya, Haramsøya, Skuløya na Fjørtofta viko Haram, lakini Harøya ilikuwa Sandøy, na Sandøy haikutoka, imebaki Ålesund. Kwahiyo mtu wa Harøya akitaka kwenda mjini Ålesund kwa gari anapita ile barabara mpya ya madaraja na mahandaki ya chini ya bahari, Nordøyvegen, iliyofunguliwa 2022, anakatiza manispaa ya Haram ndo anaingia tena kwenye manispaa yake ya Ålesund.

Na kuhusu meya wa manispaa anavyopatikana, wananchi hawampigii kura moja kwa moja, wanachagua madiwani kila miaka 4 halafu madiwani ndo wanamchagua.